Nani Ataosha Sufuria? Uhuru na Kompyuta za Pamoja

Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe ya Uhuru ya jumuiya zetu za Dallas–Fort Worth na Houston

 

Kamati imeniomba nizungumze juu ya teknolojia na Uhuru, ikanipa dakika ishirini kabla ya chakula. Harufu ya pilau imeshafika humu ukumbini, kwa hiyo nimechagua jambo moja tu: kompyuta ambazo watafiti wa nchi nyingi huzitumia kwa pamoja, na programu ambazo watu wasiofahamiana huziandika kwa pamoja ili kompyuta hizo zifanye kazi. Jambo hili linagusa pwani yetu, mito yetu na mashamba yetu kule nyumbani. Na humu ndani wapo vijana wengi wanaoweza kulitia mkono.

Nianze na neno. Kwa Kiswahili tunasema "programu huria". Huria ni ndugu wa huru na uhuru. Yote matatu yametoka mzizi mmoja wa Kiarabu. Kiingereza kina shida hapa, maana neno lao moja hubeba "bure" na "huru" kwa pamoja, na watu huchanganyikiwa. Sisi tuna maneno mawili. Programu ya bure ni ile usiyoilipia. Programu huria ni ile ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia, kusoma jinsi ilivyoandikwa, kuibadilisha, na kumpa mwenzako. Kitu kinaweza kuwa bure leo na kesho ukafungiwa mlango. Kumbukeni tofauti hiyo, nitairudia.

Wingu liko Midlothian

Watoto wetu husikia kwamba picha zao ziko kwenye "wingu". Wanangu, wingu hilo haliko angani. Ukitoka Dallas kwenda kusini mpaka Midlothian utakuta kituo cha data cha Google. Richardson na Plano kuna majengo makubwa yasiyo na madirisha, yanavuma usiku na mchana kwa mashine za kupoza hewa. Ndani yake mna kompyuta kwa maelfu, na kampuni humkodisha mtu kompyuta hizo kwa saa, kama tunavyokodi gari uwanja wa ndege. Ukisahau kuizima, bili inaendelea kukimbia.

Wala tusione kwamba haya ni mambo ya mbali na tunapoishi. Hapa Dallas, mwaka 1958, Jack Kilby wa kampuni ya Texas Instruments alionyesha saketi yake ya kwanza iliyounganishwa katika kipande kimoja, na kila simu iliyomo mifukoni mwenu imetokana na kazi ya namna hiyo. Mwaka 2010, kampuni ya Rackspace ya San Antonio na shirika la NASA walitoa kwa umma OpenStack, programu huria ya kumwezesha yeyote mwenye kompyuta nyingi kujitengenezea wingu lake mwenyewe. Miaka miwili baadaye Rackspace wakaikabidhi kwa taasisi huru, ili isiwe mali ya kampuni moja. Leo OpenStack ndiyo inayoendesha Jetstream2, wingu ambalo watafiti wa vyuo vya Marekani hupewa bila kulipia kwa fedha za serikali. Mtangulizi wake alipoanza mwaka 2016, sehemu ya mitambo ilikuwa Austin. Kwa hiyo mnapopita I-35 mnapita katikati ya historia ya jambo hili.

Mtafiti, picha na kisima

Sasa twende nyumbani. Chukueni mtafiti mmoja wa Dar es Salaam anayetaka kujua mikoko ya delta ya Rufiji imepungua wapi na imerudi wapi katika miaka thelathini. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu 1972. Jibu lake liko katika picha hizo. Lakini kabla ya mwaka 2008, picha moja ya Landsat 7, yenye upana wa kilomita 185 hivi, iliuzwa kama dola 600. Atahitaji picha mamia. Ni mwalimu gani wa chuo angezimudu?

Mwaka 2008 Marekani ikaamua picha hizo zitolewe bure. Tatizo la kwanza likaisha, la pili likajitokeza: jinsi ya kuzivuta. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na hata baada ya hapo, kuvuta picha maelfu mpaka kwenye kompyuta moja ya ofisini ilikuwa kazi ya miezi. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya.

Suluhisho lililopatikana ni la kizamani kabisa. Kijijini hakuna aliyejaribu kuhamishia kisima nyumbani kwake. Watu walikwenda kisimani. Picha zikae mahali pamoja, kompyuta ziwe palepale karibu nazo, na mtafiti ndiye aende, kwa kutumia kivinjari cha kawaida cha intaneti. Hivyo ndivyo ulivyo mpango wa Digital Earth Africa. Picha za bara zima, za Landsat na za setilaiti za Ulaya za Sentinel, zimehifadhiwa kwenye kituo cha data cha Cape Town. Mtafiti anajiandikisha bila malipo, anafungua ukurasa unaoitwa daftari, anaandika amri, na ramani inatokea chini ya amri yake. Mmoja wa wabia wa mpango huo ni kituo cha RCMRD cha Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1975, ambacho Tanzania ni mwanachama wake.

Ndugu zetu wa Houston hawahitaji kuelezwa faida yake. Mnaikumbuka Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipokaa juu ya Texas, na kule Nederland mvua ikapita inchi 60. Mnakumbuka jinsi swali "maji yamefika wapi?" lilivyokuwa swali la uhai. Aprili 2024 swali hilohilo liliulizwa Rufiji na Kibiti, na mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Setilaiti ya Sentinel-1 hutumia rada, na rada huona kupitia mawingu. Mtu aliyezoea daftari lile anaweza kuchora eneo lililofunikwa na maji bila kusubiri anga lifunguke. Lakini lazima awe amelizoea kabla ya mvua.

Nani amejenga daftari?

Daftari lenyewe linaitwa Jupyter. Lilitokana na kazi aliyoianza Fernando Pérez mwaka 2001, akiwa mwanafunzi wa fizikia Colorado. Pérez ni mzaliwa wa Colombia. Naye alikuja nchi hii kusoma, kama wengi wetu, na alipoona chombo anachokitaka hakipo alianza kukitengeneza, kisha akakitoa kiwe huria. Mwaka 2014 kazi hiyo ilipanuliwa ikaitwa Jupyter. Sehemu yake nyingine, JupyterHub, ni kama mlinzi wa mlango na mgawaji wa madawati: anakutambua, anakuwashia kompyuta, anakupa faili zako, na ukiondoka anaizima ili bili isikimbie.

Juu ya hapo Digital Earth Africa waliweka Open Data Cube, programu huria ya kupanga picha za setilaiti iliyochimbuka Australia. Chini yake kuna lugha ya Python na mfumo wa Linux. Kila tabaka lina watu wake, nchi zao mbalimbali, na hakuna bosi mmoja anayewaamuru wote. Je, kazi inakwendaje?

Wazee wetu waliolima kwa msaragambo wanajua jibu. Shamba hugawanywa ngwe. Kila mtu anajua ngwe yake inaanzia wapi na kuishia wapi, na mtu mmoja anapita kuangalia kama mistari imenyooka. Kwenye programu huria iko hivyohivyo. Msimbo wote umewekwa hadharani. Ukiona kasoro, unaandika taarifa: nilifanya hivi, nikategemea hivi, kikatokea hiki. Mwingine anasema, naichukua mimi. Anatengeneza nakala yake, anarekebisha, kisha anapendekeza mabadiliko yake yaingizwe. Kompyuta inayajaribu kwanza, kuona kama hayakuvunja kitu kingine. Halafu mtu wa tatu, ambaye pengine yuko bara jingine na hajawahi kuonana nao, anasoma mstari kwa mstari: hapa sawa, hapa badilisha, hapa eleza kwa nini. Wakiafikiana, yanaingizwa. Baada ya muda linatolewa toleo jipya, na karatasi inayosema nini kimebadilika na nani alishiriki.

Ugumu mkubwa zaidi watu hawauoni. Programu moja ya mtafiti hutegemea nyingine kumi, na zile kumi hutegemea nyingine mamia. Ikibadilika moja kule chini, ramani iliyotoka vizuri jana leo inakataa. Kwa hiyo wanaoandaa kompyuta ya pamoja huandika orodha kamili: programu gani, toleo namba ngapi. Ni kama mpishi wa shughuli anayeandika kilo za mchele, vikombe vya mafuta na vijiko vya binzari nyembamba, ili mwenzake akipika Houston wiki ijayo pilau liwe lilelile. Kuweka orodha ile iwe sawa ni kazi ya kila wiki. Haina makofi.

Sufuria

Na hapo ndipo naja kwenye kichwa cha hotuba yangu. Sote tunazijua shughuli zetu. Kuleta sahani ya sambusa watu wako tayari. Kupiga picha mbele ya bendera watu wako tayari. Saa sita usiku ukumbi unatakiwa kufungwa, sufuria zimeungua chini, na unawakuta dada zetu wanne walewale wa mwaka jana. Jumuiya haifi kwa kukosa wapishi. Hufa siku dada wale wanne wanapochoka.

Kompyuta za pamoja zina dada wanne wao. Wanaitwa watunzaji. Wao ndio wanaosoma mapendekezo ya wengine, kujibu maswali yaleyale kila siku, kuziba matundu ya usalama na kuamka mlango ukikwama. Mwezi Machi 2024 dunia iliona hatari ya kuwaacha peke yao. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, iliyomo karibu kila mahali kwenye Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja kwa kujitolea. Akatokea mtu kwenye mtandao asiyejulikana ni nani hasa, akajitolea kusaidia, akafanya kazi nzuri kwa kama miaka miwili, akaaminiwa, kisha akaficha mlango wa siri ndani yake. Mhandisi mmoja, Andres Freund, aliugundua kwa sababu aliona kuingia kwenye mashine yake kumechelewa kwa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Msimbo ulikuwa wazi, leseni ilikuwa huria, na bado mwizi aliingia, kwa kuwa mlinzi alikuwa mmoja na amechoka.

Mfadhili akiondoka

Hatari ya pili ni bili. Kuna huduma iitwayo mybinder, ambayo humfungulia mtu yeyote duniani daftari bila kujiandikisha. Google ilikuwa ikichangia sehemu kubwa ya kompyuta zake, na mwaka 2023 mchango huo ukakoma. Huduma ilipungua, watu wakasubiri zaidi, lakini haikufa. Kwa nini? Kwa sababu tangu mapema ilikuwa imepangwa kama shirikisho: taasisi mbalimbali, zikiwamo za Ulaya, kila moja ikiendesha kipande chake. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Walioweka mafiga kadhaa, moja lilipoondolewa chungu kiliinama, hakikumwagika.

Mwaka 2024 Microsoft nayo ilifunga sehemu ya kompyuta za pamoja ya mpango wake wa Planetary Computer, mahali ambapo watafiti wa mazingira walikuwa wakifanyia hesabu zao bila malipo. Kampuni ina haki ya kufunga duka lake. Lakini kwa kuwa duka lilikuwa limejengwa kwa JupyterHub na programu nyingine huria, mtafiti aliweza kubeba madaftari yake na kuyafungua kwingine. Aliyejenga kwa chombo cha kampuni peke yake hana pa kuyapeleka.

Na mwishoni mwa Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tovuti ya FEWS NET, mtandao wa kutoa tahadhari ya njaa uliokuwepo tangu 1985, ilizimwa. Nchi za Afrika Mashariki zilikuwa miongoni mwa watumiaji wake. Leo sitaki kuingia kwenye siasa za uamuzi ule. Sote humu tuna maoni yetu, na wengine wameshaanza kunong'ona. Nasema hivi tu: chombo cha kuangalia kama mvua imenyesha kwetu kilikuwa na swichi, na swichi ilikuwa chumba cha mtu mwingine.

Maswali matatu ya mizani

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walijua habari hii kabla hatujazaliwa. Walipounda chama chao mwaka 1925, na kikageuzwa kuwa KNCU mwaka 1933, kila mmoja alibaki na kihamba chake. Ghala, mizani na vitabu vya hesabu ndivyo vilivyokuwa vya pamoja. Mwanachama wa ushirika hauliziki kwa kuambiwa kwamba mizani ni bure. Anataka kujua nani ameishika.

Kwa hiyo natoa maswali matatu. Taasisi yoyote ya nyumbani inayokaribishwa kwenye wingu la pamoja, hata kama ni zuri na halina malipo, iyaulize.

La kwanza: tukiondoka, tunaondoka na nini? Shirika moja lisilo la faida, 2i2c, linaloendeshea vyuo na vikundi vya watafiti JupyterHub zao, limeweka ahadi ya kila jumuiya kuwa na haki ya kunakili mtambo wake wote na kuuendesha kwingine, bila 2i2c wenyewe. Hiyo ndiyo huria ninayoisema. Huduma nzuri ni ile inayokuonyesha mlango wa kutokea siku unayoingia.

La pili: nani anaamua? Picha za ziwa lipi ziandaliwe kwanza, hitilafu ipi irekebishwe mapema, nani apewe nafasi kompyuta zikijaa. Kwenye miradi hii wanaoamua ni wale wanaofika kwenye kazi. Ukitumia tu, mahitaji yako yatajulikana kwa kukisiwa.

La tatu: nani analipa, na nani anaosha sufuria? Yaandikwe yote mawili, kwa majina na kwa zamu.

Msiniambie kwamba kwetu haiwezekani. Iko DHIS2, programu huria ya takwimu za afya iliyoanzia Afrika Kusini baada ya 1994, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Tanzania inaitumia nchi nzima, Zanzibar nao wanaitumia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakikuishia kupokea. Kina kundi la wataalamu wanaoandika programu za ziada juu yake na kusaidia wizara kuiendesha. Anapotokea mganga wa wilaya mwenye swali, anajibiwa na Mtanzania, kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo inavyoonekana nchi ikiwa ndani ya kazi.

Pia tusidanganyane kwamba dawa ni kila nchi kujifungia na kompyuta zake peke yake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, hapa Marekani ikiwa ni Siku ya Mama, wengi wenu mtakumbuka simu za WhatsApp za nyumbani zilivyokataa. Mikongo ya EASSy na SEACOM ilikuwa imekatika baharini kusini mwa bara. Siku ile mtafiti wa Dar angepata shida kubwa kufika kisima cha Cape Town hata kama kisima kilikuwa kizima. Kwa hiyo tunahitaji vyote viwili: nakala ndogo karibu, kwa ajili ya siku mbaya, na kisima kikubwa cha pamoja kwa siku za kawaida. Programu ikiwa huria, na watu wetu wakiijua, vyote viwili vinaweza kuendeshwa kwa orodha ileile moja.

Siku ya tatu

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumekula siku mbili kwenye programu huria. Simu za Android mlizo nazo zimejengwa juu ya Linux. Wanafunzi wa vyuo humu wanafungua Jupyter kila wiki kwa masomo yao. Siku ya tatu imefika. Jembe ni lipi?

Kwenu vijana. Msingoje muwe mabingwa. Mchango unaotafutwa sana ni wa mtu anayeanza: fuata mwongozo wa kusakinisha, na pale unapokwama andika umekwama wapi, kisha pendekeza sentensi iliyo wazi zaidi. Mstari mmoja unatosha kuanzia. Utakataliwa mara ya kwanza na kuambiwa urekebishe. Usisuse, hata insha yako ya shule ilirudi na wino mwekundu. Kuna mpango uitwao Outreachy unaowalipa watu wasio na uzoefu kufanya kazi kwenye miradi ya namna hii, na JupyterHub imewahi kupokea wanafunzi wake. Na ninyi mnaosema Kiswahili cha kuchechemea, msione haya. Miongozo hii inahitaji Kiswahili chepesi, na hakuna njia nzuri ya kujifunza lugha ya bibi yako kama kumweleza mtu wa Mtwara jinsi ya kufungua daftari.

Kwenu wazazi. Mtoto akiwa chumbani na kompyuta usiku, muulizeni anafanya nini kabla ya kumgombeza. Pengine anacheza, mgombezeni. Pengine anasoma kazi ya mtu wa Nairobi. Kazi hii mara nyingi haina mshahara mwanzoni, lakini kila alichochangia hubaki hadharani kwa jina lake na tarehe yake, na mwajiri yeyote wa Irving au Houston anaweza kukisoma.

Kwetu kama jumuiya, ninaomba mambo mawili madogo, kuliko kuahidi makubwa tusiyoyatimiza. La kwanza ni zamu. Majira haya, saa tatu usiku ya hapa ni saa kumi na mbili asubuhi Dar es Salaam. Watu wetu wanaofanya kazi na seva hapa wanatosha kuunda kundi la watu sita wenye saa mbili kwa wiki, wa kukaa na wataalamu wa chuo kimoja cha nyumbani watakaotukubali. Tusiende kuwafanyia. Tukae nao wanapojenga orodha yao na kuendesha JupyterHub yao, mpaka wasituhitaji. La pili ni fedha, kwa kiasi kinachojulikana na tarehe ya mwisho inayojulikana: tuchange bili ya kompyuta kwa muhula mmoja wa wanafunzi, na tuseme wazi siku ya kwanza kwamba muhula ukiisha mchango umeisha, ili chuo kijipange na kisije kikazimiwa taa ghafla. Kumwambia mtu mwisho wa msaada wako ni heshima.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wito uliosikika haukuwa neno moja. Ulikuwa Uhuru na Kazi. Wazee wetu waliunganisha maneno hayo mawili kwa sababu waliona mbele kuliko bendera. Watu wanaoitwa kwenye meza ya pamoja wana uhuru wa kula. Wanaojua sufuria ziko wapi, wanaojua kuziosha, na wenye ufunguo wa jiko, hao wana uhuru wa kupika kesho.

Nje mlangoni kuna karatasi na kalamu. Wenye saa mbili kwa wiki waandike majina yao kabla hawajachukua sahani. Na ile karatasi ya pili, iliyo karibu na jiko, ni ya kuosha vyombo usiku wa leo. Mimi nimeshaandika jina langu kwenye zote mbili, na nafasi bado zipo.

 Heri ya Uhuru. Uhuru na Kazi!